Nilipata divisheni ya nne. Niiandike kwenye CV?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Igoma hapa Mwanza. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu tangazo la kazi ninaloliombea linafungwa Ijumaa, na nyumbani kila mtu ana lake la kuniambia.

Kidato cha nne nilimaliza 2016 katika shule ya kata. Nilipata divisheni ya nne, pointi 28: Kiswahili na Biolojia C, Kiingereza, Uraia na Jiografia D, Historia na Hisabati F. Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Hakunigombeza. Alidunduliza ada nikaanza astashahada ya ununuzi na ugavi, nikaendelea na stashahada, kisha shahada niliyomaliza 2023 kwa GPA ya 4.2. Takwimu za Biashara, somo nililoliogopa kuliko yote, nilipata B+ nikiwa stashahada. Fildi nilifanya kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, upande wa stoo. Tangu nimalize chuo nipo kwenye duka la vipuri vya magari Nyakato, natunza stoo yenye aina karibu mia nne za vipuri, lakini ni kazi isiyo na mkataba.

Sasa kiwanda kimoja cha samaki kinatafuta msaidizi wa manunuzi. Wanataka barua, CV na nakala za vyeti vyote kuanzia kidato cha nne. Kaka yangu anasema nifute kidato cha nne chote, CV ianze na chuo. Rafiki niliyesoma naye anasema niandike divisheni ya pili tu, kwamba kampuni binafsi hawahakiki. Mwingine kanitumia mfano wa CV kutoka Marekani, na mwenye CV kaandika alama zake za SAT, 1450, chini ya jina la shule. Nikawaza, kama wenzetu wanaandika alama, mimi nisipoandika si nitaonekana naficha?

Kinachoniuma zaidi ni usaili niliowahi kuitwa mahali pengine. Mzee mmoja kwenye meza alisoma cheti changu akasema, "F ya Hisabati, halafu unataka kukaa manunuzi?" Nilinyamaza. Nilitoka pale nikilia hadi kituo cha daladala.

Halafu mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha sita mwaka huu, divisheni ya kwanza pointi 5. Anatafuta kibarua kabla ya chuo kufunguliwa, na ameandika pointi zake juu kabisa kwa wino mzito. Kaka anamwambia anajisifu. Nani yuko sahihi?

Binti wa Igoma


Marahaba binti yangu. Pole kwa machozi ya kituoni, na hongera kwa kazi mliyoifanya wewe na mama yako. Nimekaa miaka mingi kwenye meza za usaili za viwanda vya samaki hapa Mwanza, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekuwa upande wa pili.

Divisheni usiiandike. Kidato cha nne chenyewe kiandike. Sehemu ya elimu ianze na shahada na GPA yake, ifuate stashahada, astashahada, na chini kabisa mstari mmoja: Cheti cha Elimu ya Sekondari, jina la shule, 2016. Hapo umemaliza.

Kaka yako anakutakia mema, ila akifuta mstari huo anakuharibia. Tangazo limeomba nakala za vyeti kuanzia kidato cha nne. Msomaji atakuwa na CV mkono mmoja na cheti mkono mwingine. Cheti kikiwa na jambo ambalo CV imelikwepa kabisa, ataanza kujiuliza kuna nini kingine kilichokwepwa. Mstari ukiwepo, bila divisheni, hakuna cha kujiuliza: CV imesema ulisoma wapi na lini, na cheti kimesema ulipata nini. Hujamficha mtu kitu chochote. Umeamua tu kwamba kwenye kurasa zako mbili, nafasi ya juu inakwenda kwa mambo uliyoyafanya ukiwa mtu mzima.

Kuhusu rafiki yako, naomba unisikilize kwa makini. Usiandike divisheni ya pili. Usiandike hata kwenye rasimu. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, wengine wakiwa wamekaribia kustaafu. Wewe huna cheti cha kughushi. Una cheti halali ulichokitolea jasho darasani, na shahada iliyojengwa juu yake. Ukiandika divisheni ya uongo juu ya cheti halali, umechukua kitu kisafi ukakitia doa mwenyewe. Na hilo la kwamba kampuni binafsi hawahakiki si kweli. Matokeo ya Baraza la Mitihani yapo kwenye tovuti yao kwa mwaka na kwa shule. Mwenye namba yako ya mtihani anafungua, anaona alama za kila somo.

Kwa sababu hiyo, angalia kama namba hiyo uliiweka kwenye CV. Vijana wengi hufuta divisheni na kuiacha namba, wasijue kwamba ni kitu kile kile. Kama tangazo halikuiomba, itoe, hasa kama CV yako inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ajira. Namba ya NIDA pia itoe. Hizo zinaandikwa kwenye fomu ya mwajiri unayemjua, akiziomba.

Fomu ni jambo jingine kabisa na CV, na hapa ndipo nawaona wengi wakichanganya. CV unaandika mwenyewe na unachagua cha kutanguliza. Fomu inauliza, na unajibu kama ilivyouliza. Ukikuta kisanduku kinachosema "Daraja la ufaulu kidato cha nne", andika IV, na kama wanataka pointi andika 28. Usiache wazi, usiandike "angalia kiambatisho". Kwenye mfumo wa ajira wa serikali utajaza taarifa za kidato cha nne na kupandisha cheti chenyewe. Matangazo yao husema wazi kwamba hati ya matokeo haikubaliki, kwa hiyo kama bado una ile karatasi ya muda na cheti hujakichukua shuleni, kakichukue wiki hii. Baada ya hapo mwombaji mwenye sifa zilizotajwa huitwa kwenye usaili wa mchujo, na pale mnaandika mtihani mmoja, wewe na yule wa divisheni ya kwanza.

Yapo matangazo ambayo divisheni ni sharti. Jeshi la Polisi likitangaza nafasi kwa wahitimu wa kidato cha nne hutaja daraja. Baadhi ya kazi za ofisini zinataka ufaulu wa Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Tangazo likitaja, taja. Ukikuta moja unalolitaka sana linadai ufaulu wa Hisabati, unaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea ukarudia somo hilo peke yake. Mtihani hufanyika Novemba. Kwa kazi hii ya Ijumaa, na kwa jinsi ulivyonieleza tangazo, huhitaji.

Ile CV ya Marekani isikutishe. SAT ni mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu kule, kilele chake ni 1600, na hata wao wengi huiondoa kwenye CV wakishapata shahada na uzoefu kidogo. Baadhi ya kampuni za ushauri na mabenki makubwa yamewahi kuwauliza wahitimu alama hizo, ndiyo maana utaziona kwa anayelenga huko. Mwajiri wako yuko hapa ziwani na hajaomba kitu cha namna hiyo. Siku ukiomba masomo ya nje ukafanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, alama zake utaziandika, pamoja na tarehe, kwa sababu kwa kawaida zinahesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu.

GPA yako iandike hivi: 4.2 kati ya 5. Si kila chuo wala kila ngazi inahesabu kwa kilele cha 5, na 4.2 ikiachwa peke yake msomaji anabaki kukisia.

Sasa tuje kwa yule mzee na F yako ya Hisabati. Hapa nataka tukae kidogo, maana nadhani ndipo hofu yako ilipo, na hata kama CV itakuwa nzuri namna gani, swali hili litarudi.

Swali lake lilikuwa la haki, ingawa aliliuliza kwa ukali. Mtu wa manunuzi anashika hesabu kutwa: bei kwa kilo, punguzo, kodi, tofauti kati ya oda na kilichopokelewa. Msaili akiona F ana haki ya kuuliza kama utaweza. Anachotaka ni jibu, na jibu unalo. Lipo ndani ya barua yako mwenyewe, aya ya pili. Lijifunze hadi litoke bila kutetemeka, kwa maneno yako, lakini kwa mpangilio kama huu:

"Ni kweli, Hisabati nilifeli kidato cha nne, 2016. Chuoni nilisoma hesabu upya kupitia masomo ya biashara, na Takwimu nilipata B+. Kwa sasa natunza stoo ya aina karibu mia nne za vipuri, na kila nikihesabu rafu nalinganisha na leja."

Kisha unyamaze. Usiongeze kwamba shule haikuwa na mwalimu wa Hisabati, hata kama ni kweli, na kwa shule nyingi za kata najua ni kweli. Ukianza kueleza sababu, mazungumzo yanabaki 2016. Ukiishia kwenye stoo, swali linalofuata litahusu stoo, na huko wewe ndiye mwenyeji. Akikuuliza mwenyewe ilikuwaje shuleni, mweleze kwa kifupi.

Jibu hilo unaweza kulitanguliza kwenye CV kabla hajauliza. Chini ya stashahada ongeza mstari wa masomo yanayohusu kazi, na Takwimu za Biashara, B+, iwe mojawapo. Chagua machache yaliyo karibu na manunuzi na uyaweke na alama zake. Alama hizo zina haki ya kuwepo kwa sababu zinajibu shaka ambayo msomaji atakuwa nayo kweli. Divisheni yako ya 2016 haijibu swali lolote la kiwanda hiki.

Tena, sehemu ya uzoefu ndiyo itakayokupa kazi au kukunyima, na nina wasiwasi umeiandika kama wengi wanavyoiandika: "Nilifanya mafunzo kwa vitendo idara ya stoo. Majukumu: kupokea na kutoa bidhaa." Hilo linaweza kuandikwa na mtu yeyote aliyepita getini.

Fikiria mwenye kiwanda anaogopa nini. Sangara hamsubiri mtu. Mzigo ukishuka mwaloni, barafu iwepo, klorini ya kuoshea iwepo, maboksi na plastiki za kufungia viwepo, na kipuri cha chumba cha baridi kikifa usiku kuna mtu anayejua kinapatikana duka gani na kwa bei gani. Maboksi yakiisha katikati ya zamu, minofu inapoteza ubora na mnunuzi wa Ulaya haulizi msaidizi wa manunuzi alikuwa wapi. Sasa soma fildi yako kwa jicho hilo. Ulihesabu maboksi? Mara ngapi kwa wiki? Uliwahi kuona idadi ya kwenye leja haifanani na ya kwenye rafu, na ulifanya nini? Ulijaza hati za kupokea mzigo? Uliwahi kukusanya bei za wauzaji watatu ili bosi achague? Andika hayo, kwa namba za kweli unazozikumbuka. Ya duka la vipuri yaandike juu ya fildi, kwa kuwa ndiyo ya sasa na unayabeba peke yako. Kukosa mkataba hakuifanyi isiwe kazi. Muombe tajiri wako ruhusa ya kumweka kama mdhamini, na umwambie wazi kwamba atapigiwa simu.

Kama unatumia Excel kutunza leja, sema unafanya nini nayo. "Najua kompyuta" halimsaidii mtu. Na kama umeshajisajili kwenye Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, au umeanza mitihani yao, hilo lipande juu, karibu na jina lako. Matokeo ya mitihani ya bodi ni mapya na ni ya fani yenyewe, kwa hiyo yaandike hatua kwa hatua unavyofaulu. Kama bado hujaanza, anza kuuliza utaratibu wa usajili hata kabla ya jibu la kiwanda hiki.

Barua ya maombi isitaje kidato cha nne hata kidogo. Wapo watakaokushauri uandike aya ya kusimulia ulivyotoka divisheni ya nne ukafika shahada. Ni habari nzuri na mimi imenigusa. Lakini barua ya maombi ina ukurasa mmoja, na ukurasa huo uhusu kiwanda chao na utakachowafanyia. Wakiupenda, habari yako wataiuliza wenyewe, na utawasimulia ukiwatazama machoni.

Mdogo wako hajisifu, na kaka amwache. Kijana wa kidato cha sita hana shahada, hana kazi ya nyuma, matokeo ndiyo kitu kikubwa alicho nacho na ni ya mwaka huu. Ayaandike. Namuomba tu apunguze wino, yakae sehemu ya elimu kwa maandishi sawa na mengine, na aongeze maelezo madogo: Divisheni ya Kwanza, pointi 5, bora kabisa ikiwa 3. Ziwa hili lina nchi tatu, na mameneja wengi hapa wametoka nje ya Tanzania. Kwetu pointi zikiwa chache ndiyo sifa. Kwa aliyesoma Kenya ni kinyume, kilele cha kidato cha nne kwao ni pointi 84, kwa hiyo "pointi 5" ikiachwa peke yake inaweza kumshtua. Hata kwetu vipimo vimewahi kubadilika: waliofanya kidato cha nne 2014 walipewa GPA badala ya divisheni, kisha divisheni zikarudishwa 2016. Mwaka uandikwe siku zote.

Baada ya shahada yake, pointi hizo naye ataziondoa.

Kwa sasa aongeze kwenye CV tarehe anazopatikana, hadi lini, na kazi za mikono anazoziweza, maana anayetafuta kibarua wa miezi miwili anauliza hayo kwanza. Na wewe kabla ya Ijumaa kagua kwamba jina lako limeandikwa sawasawa kwenye cheti cha kidato cha nne, vya chuo na kitambulisho. Kama kuna herufi zinazotofautiana, nenda kwa wakili ukaape kiapo cha jina na ukiambatishe pamoja na vyeti. Ukiitwa usaili, beba vyeti halisi, nakala ziwe akiba.